Kifua Kisichosikia Dawa

Na Mwandishi Wetu, Musoma

Mwisenge, kata iliyo kando ya Ziwa Viktoria katika Manispaa ya Musoma, ina sifa iliyoenea nchi nzima kwa sababu ya shule yake ya msingi, ambayo mwaka 1934 ilimpokea Kambarage, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Butiama, ikamfundisha kusoma na kuandika hata akaweza kuendelea na masomo Tabora mwaka 1937, na hatimaye kuiongoza Tanganyika kwenye uhuru. Lakini sifa ya mahali haiwakingi wakazi wake na maradhi, na miongoni mwa maradhi yanayowaandama watu wa ukingo huu wa ziwa umo ugonjwa mmoja usiopewa hadhari unayostahiki, kwa kuwa kila mtu amewahi kuuugua, kila mtu ameuona kwa jirani yake, na kila mtu anadhani anaijua dawa yake. Ugonjwa huo ni kikohozi. Na kikohozi kinachokusudiwa katika makala haya si kile kijacho na mafua kikaondoka nayo, bali ni kile ambacho mtu amekinywea dozi ya antibiotiki akaimaliza, pengine akanywa ya pili na ya tatu, nacho kikabaki palepale, kikimwamsha usiku, kikimkatiza maneno mchana, na kumla mwili kidogo kidogo hata nguo zikaanza kumpwaya.

Neno moja ndilo msingi wa yote yatakayosemwa hapa: kifua kikikataa kusikia dawa, swali la kwanza la kuulizwa ni "Maradhi gani haya?" kabla ya lile tulilolizoea la "Ipi dawa iliyo kali zaidi?" Swali tulilolizoea humrudisha mgonjwa dukani, lile la kwanza humpeleka maabara, na katika masafa yaliyo baina ya duka na maabara, ambayo mara nyingi ni mafupi kwa miguu lakini marefu kwa miezi, watu wengi wa nchi hii wamepoteza nguvu zao, kazi zao, na wengine uhai wao wenyewe.

Njia ya dukani

Tuitazame kwa insafu njia aipitayo mgonjwa wa kawaida. Mvuvi wa dagaa hutoka jioni katika usiku wa giza, wakati mwezi haupo angani, akakesha majini kwenye upepo na baridi, akarejea alfajiri na nguo zilizolowa. Mkewe au dada yake huwa ameinama juu ya moto wa kuni, ama anapika, ama anakausha samaki, macho yakimtoka machozi kwa moshi. Na watoto wao hulala wengi katika chumba kimoja ambacho dirisha lake limezibwa kwa kuwahofia mbu na wezi. Mmoja wao akianza kukohoa, lawama hupewa upepo, au moshi, au vumbi la kiangazi, na si mara chache lawama hiyo huwa ya kweli; kikohozi kikifika siku ya nne au ya tano, mtoto hutumwa kwenda kununua dawa.

Duka aendalo mtoto huyo aghalabu ni Duka la Dawa Muhimu, na si haki kulitaja kwa ubaya, maana maduka hayo, ambayo utaratibu wake ulianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, yaliwekwa makusudi ili watu walio mbali na famasi wapate dawa za lazima kutoka mikononi mwa mtu aliyepata mafunzo, na baadhi ya antibiotiki yameruhusiwa kuziuza. Walakini muuzaji hana darubini, hana mashine ya eksirei, na mara nyingi hata mgonjwa mwenyewe hayuko mbele yake, ila mtoto aliyeshika noti. Anachoweza kuuliza ni kidogo, na anachoweza kutoa ni kile kilichomo dukani. Basi mtoto hurudi na vidonge vya rangi mbili, pengine dozi nzima, pengine nusu kwa kadiri ya fedha iliyopatikana, na mgonjwa huvinywa kwa imani.

Hapo hutokea moja katika mambo matatu. Kwanza, huenda kikohozi kililetwa na bakteria aliye dhaifu mbele ya dawa hiyo, na mgonjwa akapona kweli kwa sababu yake. Pili, huenda kililetwa na virusi, kama vilivyo vikohozi vingi vya ghafla, na hapo antibiotiki haina amri yoyote, kwa kuwa kazi yake ni kuharibu ukuta na viungo vya bakteria, vitu ambavyo virusi havinavyo. Lakini mgonjwa hupona kwa siku zake, naye huishukuru dawa. Ijulikane kwamba hata virusi vikisha kutoka mwilini, njia za hewa hubaki na ukali wa kukereka upesi, hata kikohozi kikaendelea wiki mbili na zaidi, takriban tatu, ilhali wengi wetu tunatarajia kiishe kwa wiki moja. Na kwa hivyo mtu aliyekunywa dozi ya kwanza siku ya tano, akanywa ya pili siku ya kumi na mbili, akapona siku ya kumi na nane, huisifu dozi ya pili kwa kazi iliyofanywa na mwili wake, na sifa hiyo huzunguka mtaani ikawa ushauri kwa jirani ambaye maradhi yake ni mengine kabisa.

Jambo la tatu ndilo letu: dozi imekwisha, siku zimepita, na kifua hakijatulia. Hapa ndipo ushauri wa mtaa huwa mmoja, kwamba dawa ilikuwa nyepesi, itafutwe nyingine iliyo nzito; na mgonjwa hupanda ngazi ya dawa, kutoka amoksilini hadi azithromisini, na kutoka hiyo hadi sindano, bila ya mtu yeyote kuyaona makohozi yake. Hasara ya mwenendo huo si fedha tu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini jijini London mwaka 1928, alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945 aliionya dunia kwamba dawa ikitumiwa chini ya kiasi chake haiviui vijidudu bali huvifunza kuistahimili. Na onyo hilo, ambalo lilitolewa wakati penisilini ilikuwa bado ni kitu adimu katika nchi zetu, leo limekuwa hali halisi ya kila siku katika wodi za hospitali, ambako dawa zilizokuwa zikiponya bila shida zimeanza kushindwa.

Wiki mbili

Mwongozo wa afya wa taifa umeweka mpaka ulio wazi, na mpaka huo ungepasa kujulikana na kila mama na kila nahodha wa mtumbwi: mtu yeyote aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi achunguzwe kifua kikuu, na mwenye virusi vya Ukimwi achunguzwe kwa kikohozi cha muda wowote, hata kama ni cha jana. Ikiwa pamoja na kikohozi kuna homa zijazo jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, kupungua mwili, au damu katika makohozi, basi kungoja ni kujidhulumu.

Sababu ya kifua kikuu kutokusikia dawa za dukani imo katika umbile la kijidudu chenyewe. Kina ukuta mnene wenye nta, ambao dawa nyingi haziupenyi. Hutoa kimeng'enya kinachoivunja penisilini na jamaa zake kabla hazijafanya kazi. Na huzaana polepole mno, kwani wakati bakteria wengi wa kawaida huweza kujigawa kila baada ya dakika 20, hiki huchukua takriban saa 20, na baadhi yake hulala kimya ndani ya pafu kwa muda mrefu, mahali ambapo dawa inayokishambulia kijidudu kinachokua haikipati. Dozi ya siku tano au saba haikusudiwi kwa adui wa namna hiyo. Mvuvi wa Mwisenge hahitaji kufundishwa hoja hii, kwa kuwa yeye mwenyewe akitaka sangara hatupi wavu wa dagaa, na akirudi mikono mitupu haongezi nyavu zilezile, bali hubadili wavu kwa kujua ni samaki gani anayemtafuta.

Aliyekifichua kijidudu hicho ni Robert Koch, tabibu wa Kijerumani, ambaye alitangaza ugunduzi wake Berlin tarehe 24 Machi 1882, na ndiyo sababu tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Yafaa watu wa ziwa hili wajue kwamba bingwa huyo, baada ya kutunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1905, alisafiri hadi kwetu, na katika miaka ya 1906 na 1907 alikaa katika visiwa vya Sese, upande wa Uganda, akichunguza malale yaliyokuwa yakiteketeza vijiji vya pwani ya ziwa. Sheria aliyowaachia matabibu wote waliomfuata ni kukitafuta kijidudu kwanza, kukiona kwa jicho, na kuthibitisha kwamba ndicho chenye kuleta maradhi yale. Na sheria hiyo, ambayo ina zaidi ya miaka mia moja na arobaini, ndiyo tunayoivunja kila tunapompa mkohozi dozi ya tatu bila ya kupima.

Kuna hatari nyingine iliyojificha, nayo ni ya dawa zinazokijeruhi kijidudu cha kifua kikuu bila ya kukiua. Baadhi ya antibiotiki za kundi la fluorokwinoloni, kama vile levofloksasini, zina nguvu juu yake. Mgonjwa akipewa moja ya hizo kwa siku chache kwa kudhaniwa kuwa ana nimonia, homa hushuka, hamu ya chakula hurudi, naye hurejea kazini akiwa na furaha, na makohozi yake yakipimwa wakati huo huweza kuonekana hayana kitu. Kisha baada ya wiki kadhaa ugonjwa huinuka tena, na safari hii huenda umekwisha kuizoea dawa ambayo ingehitajika baadaye kwa tiba ya aina sugu. Nafuu ya namna hiyo ni ghururi, na inawapoteza hata wauguzi wazoefu.

Kimeo na uchawi

Mahali ambapo dawa ya dukani imeshindwa na maabara haijafikiriwa, milango miwili ya kale husimama wazi. Mmoja ni wa kimeo. Katika sehemu nyingi za Tanzania kikohozi cha muda mrefu, hasa cha mtoto, huambiwa kwamba kimetokana na kilimi kilichorefuka kikawa kinaugusa ulimi, na fundi huitwa akikate kwa kisu au kwa waya. Kilimi hakileti kifua kikuu, wala pumu, wala nimonia, na kukikata hakuviondoi. Kinachoweza kuletwa na kisu hicho ni kuvuja damu, uambukizo wa koo, na pepopunda, na ubaya wake mkubwa ni kwamba mzazi aliyekwisha kulipa na kuona damu huamini kuwa jambo limekwisha, akampa ugonjwa wa kweli nafasi ya miezi mingine.

Mlango wa pili ni wa uchawi. Mtu akikonda, akikohoa na kukataa dawa, na hasa ikiwa ndugu yake wa nyumba hiyohiyo alitangulia kufa kwa namna hiyohiyo, si ajabu watu wakasema kuna mkono wa adui. Tusiwakejeli, maana ushahidi waliouona ni wa kweli: ni kweli maradhi yamefuata nyumba moja, na ni kweli dawa hazikusaidia. Lakini maelezo ya ushahidi huo yapo, nayo ni hewa. Kijidudu cha kifua kikuu hutoka kifuani kwa kukohoa, kwa kupiga chafya, hata kwa kuimba na kusema, kikaelea katika chumba kisichopitisha hewa, na wenye kulala humo huvuta hewa ileile usiku baada ya usiku. Wengi wanaokivuta hawaugui kamwe; miongoni mwa walioambukizwa, ni watu 5 hadi 10 tu katika kila 100 watakaougua katika maisha yao, ila wale ambao kinga yao imedhoofishwa na virusi vya Ukimwi, na kisukari, na utapiamlo, au na ulevi, hao wamo katika hatari kubwa zaidi. Maradhi hayafuati ukoo; hufuata paa. Ndiyo sababu dirisha lililofunguliwa ni tiba, na ndiyo sababu kijiko na sahani ya mgonjwa hazina haja ya kutengwa, wala mgonjwa mwenyewe hana haja ya kutengwa na mapenzi ya watu wake.

Si kila kifua ni kifua kikuu

Baada ya kusema hayo yote, lingekuwa kosa kumwacha msomaji akidhani kwamba kila kikohozi sugu ni kifua kikuu. Mama aliyepika kwa kuni miaka ishirini katika jiko lisilo na bomba la moshi huweza kuwa na mapafu yaliyochakaa kama ya mvutaji wa sigara, akakohoa kila asubuhi na kuishiwa na pumzi akipanda mwinuko. Kijana anayekohoa usiku na kusikia mluzi kifuani huenda ana pumu, ambayo dawa yake ni ya kuvuta, wala haina uhusiano wowote na antibiotiki. Mzee ambaye miguu inamvimba na hawezi kulala bila ya mito miwili huenda moyo wake ndio mgonjwa, na maji yanamrudia mapafuni. Mwenye shinikizo la damu anayetumia kaptopri, enalapri au lisinopri huweza kupata kikohozi kikavu kutokana na dawa hiyohiyo, na kikaondoka tabibu akimbadilishia. Wapo wenye maji baina ya pafu na ubavu, wapo waliobaki na makovu ya kifua kikuu cha zamani, na wapo, hasa wavutaji wa tumbaku, ambao kikohozi chao ni dalili ya saratani.

Mkoa wa Mara una kundi jingine linalostahili kutajwa kwa jina, nao ni wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Buhemba na Kiabakari wilayani Butiama, na wenzao wa Nyamongo wilayani Tarime. Mwamba unaobeba dhahabu una silika, na unapotobolewa na kusagwa bila ya maji hutoa vumbi laini lisiloonekana kwa macho, ambalo likiingia katika kina cha pafu halitoki tena. Hulikaza pafu kwa makovu, ugonjwa uitwao silikosisi, na pafu lililoumizwa hivyo huwa makazi mepesi ya kifua kikuu. Kijana wa Mwisenge aliyekwenda kutafuta riziki machimboni akarudi na kikohozi hana budi kumweleza tabibu kazi aliyoifanya, maana bila ya habari hiyo tabibu hana namna ya kulijua vumbi alilolivuta.

Wingi huu wa sababu ndio unaoitia nguvu hoja yetu. Maradhi haya yote hukohoa kwa sauti moja, na hakuna sikio, la fundi, la muuzaji, wala la profesa, liwezalo kuyabagua kwa kusikiliza tu. Hukumu yapasa itoke kwa ushahidi.

Ushahidi wa makohozi

Ushahidi wenyewe si mgumu kuupata. Mgonjwa hupewa kikopo, akatakiwa atoe makohozi kutoka ndani ya kifua, na si mate ya mdomoni. Makohozi yaliyo bora ni ya alfajiri, kabla ya kula, baada ya kusukutua kwa maji matupu, kuvuta pumzi ndefu mara kadhaa, na kukohoa kwa nguvu, nje kwenye hewa, mbali na watu. Adabu inayomfanya mtu aone haya kutema mbele ya muuguzi imewagharimu wengi majibu ya kweli, kwa sababu mate yakipimwa hayasemi kitu.

Kwa miaka mingi kipimo kilikuwa darubini, ambayo ingali ikitumika, lakini ina upungufu wake, kwani huhitaji vijidudu maelfu katika kila mililita ya makohozi ndipo kimoja kionekane. Mwishoni mwa mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mashine iitwayo GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya kijidudu, ikatoa jibu kwa muda wa takriban saa mbili, na papo hapo ikaeleza kama kijidudu hicho kimekuwa sugu kwa rifampisini, dawa iliyo nguzo ya tiba. Tanzania imeongeza na hekima yake: katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, shirika la APOPO limefundisha panya buku kunusa makohozi, na tangu mwaka 2007 wanyama hao, ambao mmoja wao huweza kupitia sampuli 100 kwa dakika 20, wamewagundua wagonjwa ambao darubini iliwapita, na sampuli walizozitilia shaka huthibitishwa tena kwa vipimo vya maabara.

Makohozi yakionekana safi na mgonjwa bado anadhoofu, kesi haijafungwa. Ndipo eksirei ya kifua hupigwa, damu hupimwa, na virusi vya Ukimwi hutafutwa, na ikiwa kituo cha karibu hakina zana, mgonjwa ana haki ya kuandikiwa rufaa. Mkaazi wa Musoma ana hospitali ya rufaa ya mkoa, iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere, hapo Kwangwa. Na mambo yakizidi, kuna hospitali ya Bugando jijini Mwanza.

Tiba iliyothibitishwa kwetu

Wapo wanaokwepa kipimo kwa kuogopa jibu. Kwao lipo neno la faraja, nalo lina asili ya Afrika Mashariki. Zamani tiba ya kifua kikuu ilichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wagonjwa wengi waliikimbia kabla ya kwisha. Kuanzia mwaka 1970, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza pamoja na matabibu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walifanya majaribio katika hospitali za nchi hizi, na matokeo yaliyochapishwa kuanzia mwaka 1972 yalithibitisha kwamba ukitia rifampisini au pirazinamidi katika mchanganyiko, miezi sita yatosha. Dozi ya miezi sita ambayo leo inaponya watu Asia, Ulaya na Marekani ilipata ushahidi wake kutoka katika vifua vya wagonjwa wa Afrika Mashariki, na haifai watoto wa wagonjwa hao wafe kwa kutoijua.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, kwa msaada wa Karel Styblo, tabibu wa Kicheki ambaye aliugua kifua kikuu yeye mwenyewe baada ya kufungwa katika kambi za Wanazi wakati wa vita kuu ya pili. Mambo waliyoyasimamisha yalikuwa wazi: makohozi yapimwe, dawa zisikatike, mgonjwa asimamiwe akizimeza, na kila aliyeanza tiba aandikwe daftarini mpaka ijulikane amepona, amekufa, au amepotea. Mwenendo huo uliofaulu katika wilaya zetu ndio Shirika la Afya Duniani, lililotangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia mwaka 1993, liliufanya msingi wa mkakati wake ulioenezwa duniani kote.

Leo mgonjwa wa kawaida hunywa dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne, bila ya malipo. Mkojo utageuka rangi ya machungwa kwa rifampisini, nalo si jambo la kutisha. Lakini macho yakiwa ya njano, au uoni ukififia, arudi kituoni hima. Baada ya wiki chache nafuu huja, na nafuu hiyo ndiyo mtihani mkubwa, kwa kuwa hapo ndipo wengi huacha. Aliyeambukizwa kijidudu sugu naye hakukatiwa tamaa: Kibong'oto, hospitali ya Siha mkoani Kilimanjaro iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, imekuwa ikitibu aina sugu tangu mwaka 2009, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali tiba ya vidonge ya miezi sita kwa wagonjwa hao, badala ya miezi 18 au zaidi iliyokuwa na sindano zilizowaondolea baadhi yao usikivu.

Juhudi hizi zimezaa matunda. Makisio ya Shirika hilo yanaonyesha kwamba idadi ya wagonjwa wapya nchini kwa mwaka imeshuka kutoka watu 306 katika kila 100,000 mwaka 2015 hadi chini ya 200 mwaka 2022. Hata hivyo Tanzania ingali miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa, na duniani mwaka 2023 watu takriban milioni 10.8 waliugua, na milioni 1.25 wakafa kwa maradhi ambayo yana dawa.

Aibu isiyo na msingi

Kifua kikuu hakichagui wenye hatia. Mwaka 1988 Nelson Mandela, akiwa mfungwa huko Cape Town, alishikwa na kikohozi kisichomwachia. Alipopelekwa hospitali alikutwa na maji katika pafu, na uchunguzi ukaonyesha kifua kikuu, ambacho kiligunduliwa mapema, akatibiwa, akapona kabisa, akaishi miaka ishirini na mitano zaidi, akatoka gerezani na kuitawala nchi yake. Mwaka 2004, katika mkutano wa dunia juu ya Ukimwi mjini Bangkok, alisimama akaueleza ugonjwa wake mbele ya mataifa bila ya haya, akahimiza watu wapimwe. Ikiwa mtu wa cheo kile hakuona fedheha kuutaja, mvuvi, mchimbaji, mwalimu na mama lishe wa Musoma hawana sababu ya kuuficha.

Basi kila mmoja ana wajibu wake katika jambo hili. Muuzaji wa dawa akiletewa ombi la dozi ya pili kwa kikohozi kilekile, aulize kimeanza lini, na kama kimefika wiki mbili, amwelekeze mgonjwa kituoni badala ya kumuuzia, maana duka litakaloheshimiwa ni lile lililomwokoa mteja, si lile lililomaliza fedha yake. Mwenye mtumbwi na mwenye shimo la dhahabu wampe ruhusa mfanyakazi anayekohoa akapimwe, kwani hewa ya kambini ni ya wote. Mzazi asikubali kisu cha kimeo. Aliyeanza tiba asindikizwe na nyumba yake mpaka kidonge cha mwisho, na watoto wadogo waishio naye wapelekwe wakachunguzwe na kupewa dawa ya kinga. Na mgonjwa mwenyewe, akifika mbele ya tabibu, aseme bila ya woga siku alizokohoa, dawa zote alizokwisha kuzinywa kwa majina yake au kwa maganda yake, kazi aifanyayo, na watu alalao nao. Kisha aombe kipimo, na akiambiwa achukue dawa nyingine kwanza, aulize kwa adabu, lakini aulize, dawa hiyo ni ya maradhi gani na yamejulikanaje. Swali hilo si ukaidi wala si dharau kwa wenye elimu. Ni haki ya mwenye mwili, na katika mkoa ambao makohozi yanaweza kusomwa kwa saa mbili, hakuna udhuru uliobaki wa kumwacha mtu akohoe mwaka mzima bila ya kujua anaugua nini.